Asilimia 2.75 inamuuma nani? Bima ya afya, mwajiri na familia

Haya ni maneno niliyoyasema juzi mbele ya vijana na wazee wachache hapa Wabera, Isiolo. Nimeyaandika karibu vile nilivyoyatamka, nikayakata vipande yatoshee uzi. Masharti yetu ni yale yale: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama.

 

Mimi nasoma sayansi ya siasa. Sisomi udaktari wala uhasibu, kwa hivyo msiniulize dawa ya tumbo. Kazi yangu leo ni ndogo. Kuna hoja inayorudi kila mahali siasa inapozungumzwa, iwe redioni, matangani au pale kwa miraa, nayo ni hii bima mpya ya afya. Upande mmoja unasema: mmeibiwa, kila Mkenya sasa anakatwa zaidi. Upande wa pili unasema: hakuna aliyeumia, mnyonge analipa shilingi 300 tu kwa mwezi. Nimezisikia zote mbili mara nyingi mpaka nikachukua kalamu nikapiga hesabu mwenyewe. Kila upande unasema nusu ya jambo, na ile nusu wanayoiacha ndiyo inatuhusu sisi wa hapa.

Tuanze tulikotoka. NHIF ilikuwako tangu 1966. Kuanzia 2015, aliyeajiriwa alikatwa kwa ngazi. Wa chini kabisa 150, kisha inapanda polepole mpaka 1,700, na hapo inasimama. Ukipata laki moja unakatwa 1,700. Ukipata laki tano, 1,700. Asiye na mwajiri alilipa 500 kila mwezi, awe muuza mitumba au mwenye lori kumi.

Oktoba 2023 sheria nne za afya zikatiwa sahihi, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka. Ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, hii tunayoiita SHA, na hazina yake ya bima, SHIF. Katikati kulikuwa na vuta nikuvute mahakamani. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria tatu kati ya hizo zimevunja Katiba, hasa kwa vile wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, mfumo ukaanza. Mambo ya mahakama yana uzi wake, leo tuko kwa pesa.

Sasa aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, marupurupu ndani. Kiwango cha chini ni 300. Cha juu hakuna.

Hebu tupige hesabu pamoja, wenye simu toeni simu. Mtu wa mshahara wa 15,000 alikuwa akikatwa 600 za NHIF. Sasa anakatwa 412 na senti 50. Imeshuka, si ndiyo? Wa 20,000 alikuwa 750, sasa 550. Wa 30,000 alikuwa 900, sasa 825. Mambo yanageuka karibu na 33,000. Wa 50,000 ametoka 1,200 akaenda 1,375. Wa laki moja ametoka 1,700 akaenda 2,750. Wa laki mbili ametoka 1,700 akaruka mpaka 5,500.

Kwa hivyo yule anayesimama jukwaani akasema kila mtu anakatwa zaidi, mwambie si kweli. Askari wa usiku mwenye pesilipi anakatwa kidogo kuliko zamani. Anayepiga kelele zaidi ni wa mshahara mnono, na ana haki ya kupiga kelele, lakini asijifiche nyuma ya yule askari. Hiyo tabia ya mwenye gari kulia kwa niaba ya mwenye baiskeli tunaijua katika siasa zetu.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi. Tangu Desemba 2024, mchango wa SHIF unaondolewa kwanza kabla mshahara haujatozwa kodi. Wa laki mbili yuko kwenye kodi ya asilimia 30, kwa hivyo katika ile 5,500 anapunguziwa kodi ya 1,650. Mzigo wake halisi ni 3,850. Wa 15,000 hapunguziwi kitu, kwa sababu mshahara wake haufiki 24,000 ambapo kodi inaanza kuuma. Yaani nafuu hii inamwangukia anayetozwa kodi peke yake. Sisemi ni hila. Nasema ukiambiwa kuna nafuu ya kodi, uliza ni ya nani.

Je, hii ni bima au ni kodi? Bima ya kawaida, ukilipa zaidi unapata zaidi. Hapa anayelipa 300 na anayelipa 13,000 wana orodha moja ya huduma. Kwa maoni yangu ni kodi iliyovaa koti la bima, na mimi sina shida nayo. Mwenye nacho kumbebea asiye nacho ni jambo tunalolijua tangu zamani, kwa zaka na kwa harambee. Shida yangu ni kwamba hakuna upande unaotaka kulisema wazi. Anayeitetea anaogopa neno kodi, na anayeipinga hataki aonekane anakataa kumbebea mnyonge.

Sasa tuje kwa mwajiri.

Nimesikia ikisemwa kwamba SHIF imeua biashara. Nikafungua sheria nitafute mwajiri anaongeza ngapi juu ya ile 2.75. Anaongeza sufuri. Kwa NSSF mwajiri analipa sawa na mfanyakazi, na kwa ushuru wa nyumba hivyo hivyo, asilimia 1.5 kila mmoja. Lakini SHIF inatoka kwa mfanyakazi peke yake. Kazi ya mwajiri ni kukata na kupeleka, kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Basi mbona waajiri wanalalamika? Wana sababu mbili, na hazifanani.

Wale wakubwa, tuseme shirika lisilo la serikali, na hapa Isiolo hayatukosi, walikuwa wanamnunulia mfanyakazi bima ya kampuni binafsi juu ya NHIF. NHIF ilikuwa 1,700, hakuna aliyeihesabu. Leo mfanyakazi wa laki mbili anaona 5,500 imetoka na bado anatibiwa kwa kadi ile ya kampuni binafsi. Anaenda kwa mkubwa wake: niongeze mshahara, au niambie kwa nini nina bima mbili. Mkubwa naye anatazama malipo ya ile bima binafsi anafikiria kuipunguza. Sheria haimkatazi kuwa na bima ya ziada, wala haimlazimishi. Hivyo gharama ya mwajiri mkubwa haimo katika sheria, imo kwenye meza ya kupatana mishahara. Akiongeza mshahara, ameumia yeye. Akipunguza bima binafsi, imeumia familia ya mfanyakazi. Hilo likitokea halitangazwi redioni, unaliona tu siku kadi inapokataa kulipia miwani.

Mwajiri mdogo ndiye wetu. Mwenye hoteli, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye kinu, mwenye kuosha magari. Tuchukue hoteli hapa mjini, weita analipwa 15,000 mkononi kila mwisho wa mwezi. Hakuna karatasi. Tajiri wake akiamua kumwandikisha sawasawa, SHIF haimgharimu kitu. Lakini haiji peke yake. Ukishamweka mtu kwa orodha ya mishahara, kuna NSSF: tajiri 900, weita 900. Kuna ushuru wa nyumba: 225 kwa 225. Kuna shilingi 50 za NITA. Jumla tajiri ameongeza 1,175 kwa kichwa kimoja, kila mwezi. Akiwa na weita sita na wapishi wawili, hiyo ni 9,400. Weita naye, ukitoa 412.50 na 900 na 225, anabaki na 13,462.50 badala ya zile 15,000.

Mnaona hapo? Wote wawili wana sababu ya kunyamaza. Tajiri anaokoa 1,175, weita anaokoa 1,537.50. Wanasalimiana vizuri asubuhi, kazi inaendelea. Na hawa si wachache. Takwimu za KNBS kila mwaka zinaonyesha zaidi ya asilimia 80 ya ajira za Kenya ziko katika sekta isiyo rasmi. Wanasiasa wakibishana kuhusu pesilipi wanabishana kuhusu kundi dogo, kwa sababu kundi dogo ndilo lenye karatasi ya kupeperusha mbele ya kamera.

Sasa tumfuate weita wetu asiye na karatasi. Kwa mfumo, yeye haonekani kama mwajiriwa, anabaki mtu wa kujilipia. Anapiga *147#, anajisajili, anaulizwa maswali ya nyumbani: nyumba imejengwa kwa nini, maji na taa mnapataje, mko wangapi. Kutokana na majibu, mashine inakadiria mapato ya nyumba, inatoza 2.75 ya makadirio hayo. Akikadiriwa chini kabisa, ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Linganisha na zamani. NHIF alilipa 500 mara 12, ni 6,000. Kwa hivyo bima imekuwa rahisi! Yule wa upande wa pili, wa shilingi 300 tu, hapo amesema kweli. Lakini ameacha neno moja. Zile 500 zilikuwa za kila mwezi. Hizi 3,600 unatakiwa uzitoe kwa mwaka mzima, mara moja, mbele.

Ngojeni, msicheke. Mwenye pesilipi wa 15,000 analipa 4,950 kwa mwaka. Ni nyingi kuliko 3,600. Lakini hazimuumi, kwa sababu zinatoka kidogo kidogo kabla hajazishika. Weita wetu analipa kidogo zaidi kwa mwaka, ila lazima azikusanye zote akiwa na kodi ya nyumba, unga, na ada ya shule muhula ukifunguliwa. Mimi nikiulizwa gharama ya bima hii iko wapi, sitaonyesha asilimia. Nitaonyesha ratiba ya kulipa.

Na ratiba hiyo haiwaumizi wote sawa. Mfugaji wa kule Merti au Garbatulla hapati pesa kila siku. Akiuza mbuzi wawili watatu baada ya mvua, ana pesa siku hiyo. Kumwambia alipe mara moja kwa mwaka si jambo baya, linafuata mfuko wake, mradi uwe ni mwaka wa mvua. Lakini mama wa chai hapa Wabera, au akina mama wanaokusanya maziwa ya ngamia kupeleka Eastleigh, pesa zao zinaingia na kutoka kila siku. Kwake 3,600 za mara moja ni mtaji. Akizitoa, kesho hana za kununulia maziwa. Sheria moja, kaunti moja, na mmoja inamfaa, mwingine inamkaba.

Serikali yenyewe iliona hilo, ndiyo maana mwaka 2025 ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Unakopeshwa mchango wa mwaka, unalipa kidogo kidogo. Ni afadhali. Lakini liite jina lake: ni mkopo. Na mama wa chai tayari ana mkopo wa chama, na mkopo wa simu. Mimi ningependa tu arudishiwe ile njia ya kulipa kila mwezi bila deni, hata kama itakuwa 350 badala ya 300. Mzee mmoja aliniambia kabla hatujaanza kwamba watu watalipa tu mwezi wanaougua. Ni kweli, wengine walifanya hivyo kwa NHIF, na hazina haiwezi kusimama hivyo. Sina jibu jepesi kwa mzee. Lakini nikichagua kati ya hazina inayochechemea na mama asiyeingia kabisa, nitaanza na mama.

Kwa nini naanza na mama? Kwa sababu ya hospitali. Dispensari na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3, kisheria havihitaji mchango wako. Vinalipwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa pesa za serikali, mradi umejisajili. Hiyo watu wengi hawaijui, hebu iandikeni. Dawa zikikosekana ukatumwa famasi, hayo ni malalamiko mengine na ni ya haki. Lakini ukipanda ngazi ya 4 kwenda juu, hospitali ya rufaa ya kaunti yetu hapa, au ukapelekwa Meru, hapo mchango ndio ufunguo. Uzazi wa kawaida SHIF inalipia 10,000, wa upasuaji 30,000. Weka 30,000 upande mmoja, 3,600 upande mwingine. Na upasuaji haubishi hodi, unaamuliwa saa nane za usiku.

Usiku huo mume, yule weita, anampigia nani simu? Anampigia tajiri. Boss, nisaidie na advansi. Tajiri aliyeokoa 1,175 anatoa 10,000 kwa sababu ana utu, na kwa sababu weita asipotoka hospitalini kesho hakuna wa kubeba sahani. Halafu linafunguliwa kundi la WhatsApp, mnaongezwa humo bila kuulizwa, na mjomba anauza mbuzi. Hiyo nayo ni bima. Ina wachangiaji, ina mweka hazina, hata ina adhabu kwa asiyechanga, kwa sababu jina lako litasomwa. Tofauti ni kwamba inawatoza waliomaskini wenzako, na wa laki mbili hayumo katika kundi hilo.

Kwa hivyo mwenye hoteli akiniambia bima ni gharama, namuuliza: advansi za hospitali mwaka uliopita zilikuwa ngapi, na zilizorudi ni ngapi? Wengi hawajawahi kuziandika, ndiyo maana wanadhani hazipo.

Kuna aina ya tatu ya mwajiri, na huyu ndiye ananikera. Anakata na hapeleki. Binamu yangu alifanya kazi mahali, sitapataja, na kila mwezi mshahara unakuja umepungua, anaambiwa hizo ni za SHA. Mtoto akalazwa. Kwa dirisha la hospitali mfumo ukasema mchango haujaingia kwa miezi. Binamu anasema nimekatwa, yule dada wa dirishani anasema kaka, mimi naona hapa tu. Na yule dada hana kosa. Familia ikachanga upya pesa zilizokuwa zimeshatolewa. Sheria inaweka adhabu kwa mwajiri wa namna hiyo, lakini binamu angemshtaki mwajiri wake kwa ujasiri gani, na bado anataka kazi? Akanyamaza. Alichojifunza ni kupiga *147# kila katikati ya mwezi, aone kama tarehe 9 imepita na kitu. Nanyi mlioajiriwa, fanyeni hivyo, ni bure kuliko kuja kujua dirishani.

Ona sasa namna mabishano yanavyopotea njia. Jukwaani watatajiana 2.75, watatajiana 300, watatajiana nani alitia sahihi na nani alipinga. Hakuna anayeulizwa: mfanyakazi asiye na karatasi utamfikishaje? Ukimfuata tajiri kwa nguvu, atamfukuza weita mmoja abaki na watano. Ukimwacha, weita atabaki na mzigo wa kulipa mara moja. Mimi naona SHIF ingetenganishwa na yale makato mengine kwa biashara ndogo. Mwache mwenye hoteli aandikishe watu wake kwa bima ya afya peke yake kwanza, kwa kuwa haimgharimu kitu, na NSSF na ushuru wa nyumba vifuate biashara ikikua. Wako watakaosema hapo nimefungua mlango wa kukwepa sheria. Labda. Lakini leo mlango umefungwa na watu wote wako nje.

Mwanasiasa akija hapa Wabera kuomba kura, mwache aseme ya 2.75 mpaka achoke. Kisha mwulize habari ya mama wa chai na zile 3,600, na mwulize nani anamkagua mwajiri asiyepeleka makato katika mji huu. Akianza kukutajia mpinzani wake, jua hajajiandaa.

Mimi nimefika hapo. Yule ndugu wa kofia nyekundu ameinua mkono tangu nilipotaja mshahara wa laki mbili. Karibu kaka, uliza.